Mifuko ya mchanga kwenye bodi ya pikapu: inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama

Nianze na hukumu, maana wengine mnasoma mkiwa mmeshasimama dukani mkono uko mfukoni. Mifuko ya mchanga ya kutia uzito nyuma ya pikapu wakati wa theluji inafanya kazi. Tatizo ni kwamba haifanyi hata nusu ya kazi ambayo wauzaji wanaisifia, na ukiiweka vibaya inaharibu zaidi kuliko kutengeneza. Naipa nyota tatu kati ya tano, na ya nne ningeitoa kama mfuko wenyewe ungeshonwa vizuri.

Gari langu ni pikapu ya kabini moja, bodi ndefu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ninabebea vifaa vya kazi, lakini mara nyingi narudi nikiwa mtupu, na hapo ndipo shida inapoanza. Pikapu tupu ina uzito mwingi mbele, kwenye injini na kabini. Nyuma panabaki kama asilimia 40, na huko ndiko kunakosukuma. Ndiyo maana unaona kigari kidogo kinachovutwa na magurudumu ya mbele kikipanda kilima taratibu bila wasiwasi, huku pikapu yenye injini mara mbili ya kile iko chini inazungusha matairi bure. Nguvu ipo, pa kuishikiza hapapo.

Mifuko niliyonunua ni ile mirefu kama mto wa kulalia, ya plastiki iliyofumwa, kilo 27 kila mmoja. Nimeweka minne, jumla kilo 108. Tofauti ya kwanza niliisikia mgongoni: mkia wa gari umetulia. Springi za pikapu zimeundwa kubeba mzigo, kwa hiyo gari likiwa tupu linarukaruka kwenye kila tuta la theluji iliyoganda, na tairi likiwa hewani halishiki kitu. Kwenye kona za polepole pia nyuma haichomoki ovyo kama zamani. Kuondoka kwenye makutano kumekuwa rahisi, mradi usikanyage mafuta kwa hasira.

Lakini hebu tupige hesabu, maana hisia hudanganya. Chukua pikapu ya kilo 2,000, nyuma kilo 800. Ongeza kilo 108 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, yaani ule mhimili unaoshika magurudumu. Sasa nyuma kuna kilo 908 kati ya 2,108, yaani asilimia 43. Theluji iliyoshindiliwa ina mshiko wa kama 0.2, yaani tairi hushika kwa sehemu hiyo tu ya uzito unaolikandamiza, wakati lami kavu hufika 0.7 na zaidi. Zidisha mshiko huo kwa asilimia ya uzito ulioko nyuma: gari tupu linaweza kupanda mwinuko wa asilimia 8, na lenye mchanga asilimia 8.6. Hiyo ndiyo faida yote! Ni ndogo, ila kilima kikiwa katikati ya namba hizo mbili, ndiyo inayoamua nani afike na nani arudi nyuma kinyumenyume. Sasa tuseme umeacha mchanga dukani ukafunga matairi yanayopandisha mshiko kutoka 0.2 hadi 0.3. Pikapu ile ile, tupu vilevile, inafika asilimia 12. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, unaona mwenyewe iende wapi.

Breki ndipo watu wanapodanganyana kabisa. Nimesikia mara nyingi kwamba gari zito husimama vizuri kwenye theluji. Kusimama kunatumia magurudumu yote manne, na kila kilo uliyoongeza inaongeza mshiko na wakati huohuo inaongeza uzito wa kuzuiwa. Moja inakula nyingine. Mchanga hautakufupishia umbali wa kusimama, na 4x4 haitakufupishia pia. Hiyo inasaidia kuondoka tu, ndiyo maana magari mengi ya aina hiyo hukutwa mtaroni, dereva akiwa amekwenda kwa kasi ambayo hawezi kuizima.

Mahali pa kuweka mifuko ni muhimu kuliko idadi yake. Iwe juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, katikati ya yale matuta mawili ya magurudumu ndani ya bodi. Wengi huishia kuiweka mlangoni mwa bodi, kwa sababu ndipo inapodondokea ukiipakia. Uzito uliokaa nyuma ya ekseli unainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi, na unakata kona gari likiwa limeamua kwenda moja kwa moja. Mimi nimebana mbao mbili kwa upana wa bodi, moja mbele ya mifuko na nyingine nyuma yake, kisha nikaifunga kwa mikanda. Msifanye mzaha kwenye hili: gari likigonga kitu, mfuko wa kilo 27 usiofungwa unaweza kupita kwenye kioo cha nyuma na kuingia kabini. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuona watu wametupia matofali au vyuma chakavu. Mchanga angalau hupasuka na kumwagika.

Sasa lawama. Mshono wa mifuko hii ni dhaifu, na mmoja ulifumuka kabla ya msimu kufika katikati. Maji ya theluji iliyoyeyuka yakaingia, baridi ikakaza, na nikabaki na gogo la mawe. Kama uzito bado linafaa, lakini ile ahadi kwamba ukikwama utafungua mfuko na kumwaga mchanga chini ya tairi, isahau, labda ubebe na nyundo. Funika mifuko kwa turubai, na mchanga wa kunyunyiza uweke kwenye chombo kikavu ndani ya kabini. Mtu akikushauri utumie magunia ya chumvi badala ya mchanga, mshukuru na upite. Gunia likivuja, bodi italiwa na kutu.

Matairi ya theluji ninayo sasa, manne, si mawili. Nyuma peke yake ni mtego: nyuma inashika, mbele inateleza, nawe unatazama tu. Ubavuni mwa tairi tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake zinazungumzia umbo la meno, hazithibitishi kwamba tairi limefaulu jaribio la theluji. Mpira wa matairi haya hubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, wakati ule wa kiangazi unakakamaa. Meno yakilika hadi kubaki na kina cha milimita 4, hesabu kwamba tairi la theluji limekwisha, hata kama sheria inaruhusu. Na upepo upimwe asubuhi, gari likiwa baridi: joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza karibu psi 2.

Cheni za kuvisha matairi ninazo pia, na kwa pikapu kama yangu hufungwa nyuma. Zinashinda vyote nilivyotaja kwenye kilima kibaya, lakini zinapiga kelele, hazitaki zaidi ya kama kilomita 50 kwa saa, na ukifika kwenye lami tupu lazima uzivue. Soma kitabu cha gari kwanza, uone kama kuna nafasi ya kutosha kati ya tairi na bodi.

Kitu kinachosahaulika ni difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Difu ya kawaida ikikuta tairi moja liko kwenye barafu, linazunguka hilohilo na lenzake linakaa kimya, hata uweke mchanga wa ufukwe mzima. Kama pikapu yako ina kitufe cha kufunga difu ya nyuma, kitumie ukiwa umekwama au unapanda polepole, kisha kiachie kabla ya kona.

Wenye 4x4 na matairi mazuri, kwenu mifuko hii naona si ya lazima. Kwa sisi wa magurudumu ya nyuma, nunueni, ila kilo hizo mzitoe kwenye kiwango cha mzigo wa gari, na theluji ikiisha mzishushe, maana zinakula mafuta bure. Msimu ujao nitanunua tena minne, ya mfuko wa tabaka mbili.