Uzoefu wangu: kipande cha chuma nilichokiokota kwenye mashine ya kukata nyasi, na mchoro wa spea ulionipa jina lake

Kilikuwa kimelala juu ya kasha la visu, yaani lile kava la chuma linalofunika visu chini ya mashine, katikati ya nyasi zilizokauka na kushikana. Kipande cha chuma chenye urefu wa kidole cha kati, kimepinda kidogo, ncha moja ina tundu, ncha nyingine imevunjika. Nilikiona nikisafisha mashine yangu ya kukata nyasi, ile ya kukaa na kuendesha kama trekta dogo. Dakika chache kabla ya hapo ilikuwa kazini, na ilikata vizuri kabisa. Kujua kipande hiki ni nini na kupata kingine kulinichukua karibu wiki nne. Huduma iliyonisaidia mwishoni, mchoro wa spea wa kampuni iliyotengeneza mashine, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokosekana nitaieleza.

Kwanza nilimpelekea fundi. Alikigeuzageuza mkononi, akasema ni kile kinachozuia mkanda usichomoke kwenye puli, na kwamba maadamu mashine inakata, niendelee kuitumia. Sikuridhika. Kizuizi cha mkanda hakigusi kitu mkanda ukiwa umekazwa vizuri, lakini changu kilikuwa na kipande cheusi kilichobanwa kwa riveti mbili, na uso wa hicho cheusi ulikuwa umelika kwa mviringo, laini hadi unang'aa. Kitu hakiliki namna hiyo bila kusuguana na kingine kwa muda mrefu. Nilijaribu pia kutafuta kwa picha kwenye intaneti, nikaletewa bawaba za milango. Chuma kilichovunjika kimeshapoteza nusu ya umbo lake, kwa hiyo picha yake peke yake haisaidii sana.

Mviringo ule ndio uliosema. Niliuchora kwenye karatasi ngumu, nikaukata kwa mkasi, kisha nikaanza kuupimisha kwenye kila kitu cha duara kilichokuwa karibu na pale nilipookota kipande. Kwenye puli ya kukaza mkanda ulipwaya. Kwenye vigurudumu vya pembeni mwa kasha ulipwaya zaidi. Nilipofungua kifuniko cha plastiki cha upande wa kushoto na kuuweka kwenye ukingo wa puli ya kisu, ulikaa bila kuacha hata mwanya wa unywele.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye mchoro. Ukitaka kuutumia, tafuta kibati chenye namba ya modeli ya mashine. Kwangu kiko chini ya kiti. Usichukue namba iliyogongwa kwenye injini. Injini mara nyingi hutengenezwa na kampuni nyingine na ina namba zake, kwa hiyo utaishia kuangalia kabureta na pistoni wakati shida yako iko chini kabisa. Ukiweka namba sahihi, mashine nzima inafunguka mbele yako sehemu kwa sehemu, kila boliti na kila washa ikiwa na namba yake. Nilifungua ukurasa wa kasha la visu, nikaifuata puli ya kushoto kwa kidole, na pembeni yake kikawepo: mkono wa breki ya kisu.

Ukivuta leva ya kuwasha visu, puli ya kukaza inaubana mkanda, na papo hapo mikono ya breki, ambayo ni miwili, wa kushoto na wa kulia, inavutwa mbali na puli za visu. Ukirudisha leva, mkanda unalegea, springi zinairudisha mikono, na pedi (vile vipande vyeusi vilivyobanwa kwa riveti) zinazibana puli mpaka visu visimame. Mkono ukivunjika, mkanda unaendelea kuzungusha kisu kama kawaida, ndiyo maana mashine yangu ilikuwa inakata bila kasoro. Kinachokosekana ni cha kukisimamisha. (Mashine zenye klachi ya umeme hazina mikono hii, breki imo ndani ya klachi yenyewe.)

Nilikaa kwenye kiti, nikawasha visu, nikavizima, nikasikiliza. Kitabu cha mashine yangu kinasema visu visimame ndani ya sekunde 5. Mvumo wa upande wa kushoto niliusikia mpaka nikahesabu 14. Nilizima injini na sikuigusa tena mashine hiyo hadi spea ilipofika. Nakumbuka ni mara ngapi nimeshuka kwenye kiti kwenda kuondoa tawi au jiwe mbele ya mashine, nikiamini kwamba leva ikirudi visu vimelala. Kwa hilo sikubaliani hata kidogo na ushauri wa "maadamu inakata".

Sasa ile nyota iliyopungua. Mikono ni miwili, wa kushoto na wa kulia, na imepinda kwa kuelekeana. Namba zake zinatofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, na mchoro hauandiki popote upi ni wa wapi. Mchoro umechorwa kana kwamba unaitazama mashine kutoka mbele, lakini kwenye mashine hizi kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti ukitazama mbele. Niliagiza kwa kufuata mchoro, ukaja wa kulia. Muuzaji aliupokea bila ubishi na kunibadilishia, namshukuru, lakini wiki mbili zilikwisha hivyohivyo. Neno moja kwenye mchoro lingetosha.

Kufunga hakukuwa na ugumu. Nilitoa ufunguo, nikachomoa waya wa plagi, nikavaa glavu nene, nikashusha kasha. Mkono unashikwa na boliti moja na springi moja. Springi ndiyo iliyonisumbua, nikaivuta kwa koleo hadi ikaingia. Nikiwa hapo niliona kilichouvunja ule wa zamani. Nyasi mbichi zilikuwa zimejikusanya nyuma yake na kuwa ngumu kama tofali, mkono ukawa haurudi nyuma wote. Pedi ilikuwa inasugua puli kisu kikiwa kinazunguka. Ile harufu ya kuungua niliyoinusa kwa wiki kadhaa nikidhani ni mkanda, ilikuwa pedi. Hata mahali palipokatika panaonyesha: nusu ina kutu, yaani ufa ulikuwepo siku nyingi, na nusu ni ya kijivu inayometa, iliyokatika siku ile.

Sasa kisu cha kushoto kinasimama nikihesabu 3. Cha kulia kinafika 5, na nilipofungua kifuniko chake nilikuta pedi imebakia nyembamba, vichwa vya riveti vinakaribia kugusa puli. Mkono wake nimeshauagiza, safari hii nikiwa nimekaa kwenye kiti nikitazama mbele.