Atenza ya Japani na Mazda 6 ya Uingereza: ipi inafaa Malindi?

Mimi naendesha Mazda Atenza ya petroli, lita 2.0, iliyotoka Japani; Atenza ni jina ambalo Mazda 6 iliuzwa nalo kule. Shemeji yangu wa Mambrui ana Mazda 6 ya dizeli, lita 2.2, iliyotoka Uingereza, na mara nyingi tunabadilishana. Zote zilitoka kiwanda kimoja katika mji wa Hofu, kulekule Japani, na bodi ni ileile. Ya Marekani haituhusu, maana usukani wake uko kushoto. Kwa mtu anayeishi Malindi, mimi nasema achukue ya Japani.

Sababu kubwa iko chini ya gari. Uingereza wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili zisigande barafu. Chumvi hiyo hung'ang'ania chesisi, mabomba ya breki na boliti. Gari linashuka Mombasa linang'aa juu, kisha linaletwa huku kupigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Nimeingia chini ya la shemeji gereji nikaona boliti zimelika hadi spana haishiki. Langu ni la umri uleule na chini kungali safi. Hata hivyo, uliza gari lilitumika sehemu gani ya Japani, kwani Hokkaido nako kuna theluji nyingi na chumvi.

Dizeli ina raha yake. Ukielekea Mombasa unalipita lori bila kuhangaika, na mafuta yanakwenda polepole. Lakini ekzosi yake ina chujio la masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likienda kasi kwa muda. Mtu wa kupeleka watoto shule, kupitia sokoni na kurudi nyumbani halipi chujio nafasi ya kupata moto wa kutosha. Atenza za dizeli za Japani nazo zina chujio, kwa hivyo hapa angalia safari zako kwanza, nchi baadaye.

Kwenye petroli kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Injini ya lita 2.0 ya Ulaya hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa uwiano wa 14 kwa 1. Ya Japani ni 13 kwa 1, kwa sababu petroli yao ya kawaida ina okteni ya chini, yaani haistahimili sana kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Mimi naona hiyo ya 13 ina uvumilivu zaidi kwa mtu anayejaza mafuta popote barabarani.

Ndani, ya Uingereza inashinda, nakubali. Redio yake inafika FM 108. Redio za Japani huanzia 76 na kuishia 90 au 95, basi stesheni nyingi za Pwani huzipati mpaka ufunge kifaa cha kubadilisha masafa. Skrini yangu nayo ilikuja na Kijapani kitupu. Kwa upande mwingine, dashibodi ya Uingereza inasoma maili, na vibao vyetu ni vya kilomita. Indiketa ya Japani iko mkono wa kulia, ya Uingereza kushoto. Ukibadilisha magari unataka kupinda, waipa ndiyo inayoamka.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na miaka hiyo inatosha kuficha mengi. Gari la Uingereza, omba namba ya usajili. Tovuti ya serikali yao inaonyesha bure ukaguzi wa kila mwaka kuanzia gari linapofika miaka 3: maili zilizosomwa, hitilafu, na mara nyingi hata kutu iliyoonwa na mkaguzi. La Japani, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kabla ya kuuzwa mnadani, na utafute mtu wa kukusomea. Gredi R maana yake liligongwa likatengenezwa. Muuzaji akikataa kukupa hiyo namba au hiyo karatasi, usimtumie hata shilingi.