4.2 au 2.8? Nilikwenda kuagiza Land Cruiser mkonga mpya, nikarudi na hasira

Naanza na hukumu ili asiyetaka kusoma hasira za mtu aishie hapa: ile kampuni niliyokwenda kwanza kuagiza gari, sifuri. Kama kuna kitu chini ya sifuri, wapeni hicho. Injini zenyewe nitazifikia, ila nawaambia mapema kwamba nimeshageuza mawazo njiani, na sina uhakika kama sitageuza tena kabla sijamaliza kuandika.

Gari lenyewe ni Land Cruiser mkonga ya milango mitano, mpya kabisa. Niliokwenda kwao si wakala rasmi, ni mojawapo ya hizi kampuni za kuagiza ambazo Dar zimejaa: unalipa sehemu ya hela, unasubiri meli. Swali langu lilikuwa moja. Nichukue injini ya dizeli ya lita 4.2, ile 1HZ tunayoijua sote, au ya lita 2.8 mpya yenye tabo (turbo), 1GD? Nguvu za farasi na vipimo vingine mtaviona wenyewe, mimi sina muda navyo.

Mimi nanunua ufuta na korosho kusini. Gari langu linalala Mbagala lakini maisha yake yako Kilwa, na likifika Nangurukuru linakata kulia kwenda Liwale. Aliyepita njia hiyo wakati wa masika ananielewa. Ukishaiacha lami, umeshamwacha pia fundi mwenye kompyuta ya kupimia gari. Mafundi Liwale wapo, tena wazuri, lakini wana spana, nyundo na akili zao. Kwa hiyo kabla sijauliza injini ina nguvu kiasi gani, nauliza nani ataifungua nikikwama, na siku hiyo nitakuwa nimetia mafuta ya wapi.

Ndiyo maana nilikwenda na fundi wangu.

Ni mzee wa Gerezani, amekula chumvi nyingi, na pikapu yangu ya sasa, nayo ya 1HZ, ameifufua mara ambazo mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta watu wa skrepa. Siku ile alivaa shati lake la Ijumaa na viatu vya kufunga kamba. Kucha tu ndizo zilikuwa nyeusi, na kucha za fundi wa dizeli hazitakati hata azisugue kwa jiwe.

Tunaingia, kijana wa mauzo ananijia mikono miwili: "Karibu sana bosi wangu!" Kwa mzee, kimya. Hakuna shikamoo, hakuna hata habari. Mtu wa umri wa babu yake amesimama mbele yake anamwangalia, yeye anamruka kwa macho. Nikajisemea labda ana haraka.

Hapo yadi palikuwa na 2.8 moja imeegeshwa juu ya tailisi nyeupe, boneti wazi. Mzee akaizunguka taratibu, mikono nyuma, akachungulia ndani ya boneti bila kugusa kitu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Kijana wangu, hizi mnazoleta nyinyi zina DPF, au ni zile zisizokuwa nayo?"

Kwa wasioijua, DPF ni chujio kwenye bomba la moshi linalonasa masizi ya dizeli. Likijaa, injini inayachoma masizi hayo yenyewe, lakini ili yachomeke gari linataka kwenda mwendo wa kutosha kwa muda wa kutosha, liwe na joto. Sasa niambieni, mtu anayeanza asubuhi yake kwenye foleni ya Rangi Tatu atapata wapi mwendo huo? Juu ya hapo linataka dizeli safi yenye salfa kidogo. Likiziba, taa inawaka, gari linapoteza nguvu, na spana haisaidii hapo. Huko Australia wenye magari ya dizeli ya injini hizi yaliyouzwa kati ya 2015 na 2020 walifika hadi mahakamani kwa sababu ya DPF, na mwaka 2022 mahakama ikawapa haki. Magari mengine ya injini hiyohiyo yanayopelekwa masoko mengine hayana kabisa kitu hicho. Kwa maneno mengine, mzee aliuliza swali ambalo mnunuzi yeyote wa 2.8 Tanzania angepaswa kuanza nalo kabla hata ya bei.

Jibu alilopewa: "Mzee, hayo mambo ya kompyuta, hutayaelewa."

Halafu akanigeukia mimi na kuendelea na habari za skrini.

Mzee hakusema neno. Akachuchumaa, akaweka kiganja chini, anataka kuinama aangalie ekzosi mwenyewe, maana DPF anayeijua anaitambua kwa macho: lile kopo nene kwenye bomba, na vile vipira vyembamba vya kupimia presha. Hajainama vizuri, kijana kapaza sauti yadi nzima inasikia: "Mzee, mzee! Utachafua tailisi. Kasubiri kule kwa mlinzi."

Tailisi! Yadi ya magari ya porini, watu wanaogopa tailisi kuchafuka!

Mzee akasimama kwa kushika goti. Akatoa leso, akafuta viganja ambavyo havikuwa na uchafu wowote, akaenda kukaa kwenye benchi ya mlinzi. Mlinzi ndiye aliyempa shikamoo.

Mimi nikabaki pale kwa sababu nilitaka lile swali lijibiwe. Nikamuuliza upya yule kijana: DPF ipo au haipo? Akaingia ndani, akarudi na kalamu na fomu ya oda. "Bosi, hii ni modeli mpya, ina kila kitu." Kila kitu! Basi hata yeye hakuwa anajua. Aliyemwambia mzee wangu hataelewa, mwenyewe alikuwa hajaelewa, na alikuwa tayari kuchukua hela yangu hivyohivyo.

Akaona nimenuna, akaleta hoja nyingine, kwamba 2.8 itanipunguzia kodi kwa sababu ni injini ndogo. Hapo ndipo nilipochukua funguo zangu mezani. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria ya aina hii unakwenda kwa ngazi: mpaka cc 1000 hakuna, 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, zaidi ya 2000 ni asilimia 10. Cc 2800 na 4200 zote zimekaa ngazi moja. Na kwa kuwa asilimia hiyo inatozwa kwenye thamani ya gari, na bei yao ya 2.8 ilikuwa juu zaidi, basi kodi nayo inakwenda juu. Road licence, ile ada ya kila mwaka ya gari, ambayo zamani watu walikuwa wakiihesabu kwa cc, ilifutwa mwaka 2017 ikahamia kwenye mafuta. Mambo haya anayajua kila dalali wa bandarini. Muuza magari hayajui, au anayajua na ananidanganya, sijui kipi kibaya zaidi.

Nilitoka pale nimeapa: 4.2. Nisingeweza hata kulitazama lile gari jingine.

Na sababu za 4.2 ninazo, si hasira peke yake. Injini hii ipo tangu mwaka 1990. Pampu yake ni ya chuma, haina kompyuta ya kuiamrisha, haina tabo. Kariakoo spea zake utapata kuanzia za asili mpaka feki za ngazi zote, na fundi yeyote wa wilayani aliyewahi kushika gari la hospitali au la polisi anaijua. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Lindi ilipokatika pale Somanga, tulioshikwa upande wa pili tuliishi kwa mafuta ya madumu. Dizeli inatoka kwenye dumu la njano ambalo hujui jana lilibeba nini. Nilipofungua kile kizibo cha chini ya filta, yalitoka maji kwanza, yakafuata matope kidogo, ndipo ikaja dizeli. Pikapu yangu ikakohoa, ikatoa moshi, ikanifikisha nyumbani. Sisemi 1HZ inapenda maji, hakuna dizeli inayopenda maji. Lakini nozo za 2.8, vile vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini, zinafanya kazi kwa presha kubwa sana na matundu madogo sana, na maji kiasi kile yangenigharimu nozo zote nne pamoja na pampu. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukomesha uchakachuaji, na vituoni hali ikawa nafuu. Kwenye dumu la Somanga hakuna kinasaba cha kukuokoa.

Kwa hiyo 4.2, nyota tano. Nilishaandika hivyo kichwani.

Kisha jamaa mmoja ninayefanya naye biashara ya korosho akaniazima 2.8 yake. Yake haina DPF, mzee safari hii alilala chini mpaka akaridhika, mwenye gari akamshikia tochi. Tukapanda nayo Pugu kwenda Kisarawe, tumepakia magunia makusudi.

Jamani.

Ile ni gari nyingine. Kwenye mlima ambao na 4.2 nazima kiyoyozi, nashusha gia na kuanza kuzungumza nalo kama punda, 2.8 ilikuwa inaniuliza kuna nini kingine. Semitrela la mchanga lilikuwa mbele, nikalipita kabla sijamaliza kufikiria kulipita. Ukizoea 1HZ, kupita gari ni mradi: unaangalia mbali, unahesabu, unamwomba Mungu, unaingia, na katikati unajuta. Barabara ya kusini yenye malori ya makaa ya mawe na ya korosho, hilo si jambo la starehe, ni la kurudi nyumbani salama. Na kelele hakuna, tuliongea humo ndani bila kupaza sauti.

Nilitaka nione ubaya wake. Nilikuwa nimejiandaa kuuona. Sikuuona siku ile.

Lakini tusiende haraka. Kipande kimoja cha Kisarawe na magunia ya kuazima si Liwale. Gari la jamaa bado ni jipya, linatia mafuta vituo vya mjini tu, na mwenyewe alikiri hajavuka nalo Rufiji. Kila gari jipya ni zuri. Nizungumzieni la miaka mitano, lililokunywa madumu.

Tunarudi, nikamwambia mzee kwamba nimeshaamua, 4.2, na kwamba sababu mojawapo ni yeye: siwezi kununua kitu ambacho walimfukuzia kwenye benchi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi hela yako ningekuwa nayo, ningechukua hii."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mtu aliyeishi kwa 1HZ!

Akanieleza kwa utaratibu wake. Kwanza, 1HZ ina mkanda wa taimingi, na anajua watu wangapi wameupuuza mpaka ukakatika na valvu zikagonga pistoni. 2.8 ina cheni. Pili, kama haina DPF, basi tatizo linalobaki ni mafuta, na mafuta yana dawa: unafunga filta ya ziada ya kutenganisha maji kabla ya ile ya gari, unaimwaga kila ukirudi kutoka shamba. Tatu, na hapa alishusha sauti, mafundi vijana Gerezani siku hizi wanazo zile kompyuta, wao ndio watakaobaki, yeye hatakuwepo milele kunifungulia pampu ya 1HZ. Liwale nako zitafika.

Sikumjibu. Nilichukia kidogo, kusema kweli. Nilikuwa nimeshapigana vita kwa ajili yake, sasa yeye amehamia upande wa pili.

Nimeweka oda kampuni nyingine. Hawa hawana tailisi, wana kokoto na mbwa mmoja mvivu, na nilipouliza lile swali mama wa mauzo aliniambia, "Kaka, sijui, ngoja nimuulize aliye huko gari lilipo." Kabla ya jioni nikapokea picha ya uvungu wa 2.8 yao: bomba jembamba moja kwa moja, hakuna kopo, hakuna vipira. Mzee nilimtumia, akajibu kwa alama ya kidole gumba. Huyo mama nampa nyota tano na sijali kama meli itachelewa. Itanikera ikichelewa, lakini nyota atabaki nazo.

Oda yangu mpaka ninapoandika inasema 4.2. Mama ameniambia naweza kubadilisha kabla gari halijafungwa kwa ajili ya meli, na kila nikipita Kilwa Road nyuma ya lori nachukua simu kumpigia, nikifika nyumbani nakumbuka lile dumu la njano nairudisha mfukoni. Nyota: 4.2 nne, imepoteza moja pale Pugu. 2.8 nne na nusu bila DPF, mbili ikiwa nayo. Au tuseme tatu.

Kama kuna mtu humu amefika na 2.8 Liwale kwenye masika, zaidi ya mara moja, na ametia mafuta ya madumu, naomba aniambie nozo zake zikoje na filta gani amefunga. Wenye kujaribu gari Masaki, asanteni, maoni yenu ninayo ya kutosha.