Gitaa la Besi kwa Mpigaji wa Ridhaa: Lipi Ununue, Lipi Uache, na Nini cha Kubadilisha

Anayenunua besi kwa mara ya kwanza hutazama rangi, idadi ya nyuzi na jina lililoandikwa kichwani. Vya kutazamwa kwanza ni shingo, kisha freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), kisha umeme, na jina mwisho. Besi ya bei ya chini yenye shingo iliyonyooka na trasi-rodi inayozunguka (ule mhimili wa chuma uliofichwa ndani ya shingo) italia vizuri kwa nyuzi mpya na saa moja ya marekebisho. Shingo iliyojisokota haiokolewi na pikapu (sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi) ya bei yoyote.

Usimalize pesa zote kwenye gitaa. Kama fedha yako ni mafungu kumi, sita yaende kwenye besi, mawili na nusu kwenye ampu, na moja na nusu lililobaki kwenye kebo, mkanda, tyuna na seti moja ya nyuzi za akiba. Mwenye besi nzuri asiye na kebo nzima hajanunua kitu.

Namba moja: nyuzi nne, pikapu ya aina ya P, bila betri

Kampuni ya Fender walitoa Precision, ndiyo hiyo P, mwaka 1951, na mwaka 1957 wakaipa pikapu iliyogawanywa vipande viwili. Kila kipande kinahudumia nyuzi mbili, na vimeunganishwa kwa namna ambayo muungurumo wa umeme unaoingia kwenye kimoja unafutwa na kingine. Ukipiga kanisani au ukumbini penye taa za mirija na nyaya zilizozeeka, utaona faida yake siku ya kwanza. Nobu ni mbili tu, ya sauti na ya toni, kwa hiyo hakuna pa kupotea. Sauti yake imejaa katikati, na ndiyo inayoshika wimbo pale ngoma, kinanda na magitaa mawili vinapolia pamoja.

Kwa anayeanza tungechagua Yamaha TRBX174. Ina pikapu ya P na nyingine ya aina ya J (ya Jazz Bass, tutaiona chini) karibu na daraja, freti 24, na haina betri ya kukuza sauti. Ukiweza kuongeza kidogo, BB234 ya kampuni hiyohiyo ina mpangilio uleule wa pikapu na ni gitaa la kukaa nalo miaka mingi. Squier Sonic Precision ni nafuu na inafaa, ila ikague freti moja baada ya nyingine kabla ya kulipa. Squier Classic Vibe ni hatua ya juu zaidi, na mpigaji wa ridhaa anaweza kuishia hapo bila kujuta.

Namba mbili: aina ya J

Jazz Bass ilitoka mwaka 1960. Shingo yake ni nyembamba upande wa kichwani, milimita 38 hivi, wakati Precision nyingi zina 41 hadi 43. Mwenye vidole vifupi huliona jambo hilo mara moja. Ina pikapu mbili: zikiwa wazi sawasawa, muungurumo unafutika, ukipunguza moja, unarudi. Sio ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa, kwa hiyo usiirudishe dukani kwa sababu hiyo. Pikapu ya nyuma peke yake inatoa sauti kavu inayosikika kila noti, nzuri kwa sebene na kwa benga ambako besi inatakiwa isemezane na solo badala ya kuunguruma chini yake. Tazama Squier Affinity Jazz, au Classic Vibe. Sire Marcus Miller V7 ni ya juu zaidi, na ina swichi ya kuzima umeme wa betri ili gitaa liendelee kulia betri ikikata katikati ya ibada.

Namba tatu: nyuzi tano, kama kweli unazihitaji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sababu ya haki ya kununua nyuzi tano ni ufunguo wa nyimbo. Kwaya na timu za kusifu hupenda Eb, Ab na Db (hiyo b ni nusu noti chini). Kwenye nyuzi nne, Eb ya chini kabisa unayoipata iko kwenye uzi wa A (nyuzi nne, kuanzia nene, ni E, A, D na G; ya tano, nene zaidi, ni B), freti ya 6, ambayo ni hezi 77.8, yaani mitikisiko kwa sekunde. Kwenye nyuzi tano, freti ya 4 ya uzi wa B inakupa Eb ya hezi 38.9, oktavu nzima chini, na chini yake kuna D, Db, C na B yenyewe ya hezi 30.9. Kama mpiga kinanda wako hushinda kwenye vitufe vyeusi, nyuzi tano zina kazi. Kama unapiga rumba na dansi katika G, A, C na E, nyuzi nne zinatosha.

Tatizo la nyuzi tano za bei ya chini ni uzi wa B unaolegea: noti haina umbo, ni mtikisiko tu. Ujaribu dukani. Piga B wazi, kisha freti ya 5 ya uzi huohuo, kisha E wazi. Hizo mbili za mwisho ni noti ileile. Ya kwenye B ikisikika kama imefunikwa blanketi, liache. Mara nyingine kosa ni uzi mwembamba uliowekwa kiwandani, na ukiweka wa 130 (unene huhesabiwa kwa elfu za inchi) linapona, lakini usinunue kwa matumaini hayo. Yamaha TRBX305 na Ibanez SR305E zinaaminika. Zote mbili hutumia betri.

Namba nne: Ibanez GSR200

Nyepesi, shingo nyembamba, pikapu za P na J, na nobu moja ya kuongeza uzito wa sauti kwa betri ya volti 9. Ni gitaa zuri, tena kwa mwenye mwili mdogo pengine lingepanda hadi namba mbili. Limeshuka kwa sababu nobu ile huwadanganya wanaoanza: wanaifungua yote, besi inanguruma, na noti hazisikiki tena. Jambo jingine ni betri. Kwenye magitaa ya namna hii umeme huwaka pale unapochomeka kebo, hata kama hupigi. Ukizoea kuacha kebo imechomekwa, betri itakufa mapema.

Namba tano: shingo fupi

Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka daraja hadi kichwani, ni inchi 34, yaani milimita 864. Squier Bronco ina inchi 30, milimita 762. Ni kwa mtoto wa miaka kumi hivi au mtu mzima mwenye maumivu ya kiganja. Nyuzi zake ni fupi na hazipatikani kila duka, kwa hiyo nunua seti mbili siku hiyohiyo.

Mwisho kabisa: boksi lisilo na jina

Gitaa, ampu ya wati kumi, mkanda na kebo katika boksi moja kwa bei ya kupendeza. Ampu haifai, kebo hukatika, na vifunguo vya nyuzi huteleza. Ukiwa na fedha hiyo tu, tafuta besi iliyotumika ya moja kati ya majina yaliyotajwa hapo juu. Nalo gitaa lenye nembo ya Fender kwa bei ya boksi hilo limebandikwa nembo tu.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Nenda na tyuna na kebo yako mwenyewe, na ulituni gitaa kwanza, maana shingo ya gitaa lililolegezwa haisemi kweli.

Litazame kwa urefu kutoka kichwani, kama fundi anavyotazama ubao. Kingo mbili za shingo ziende sambamba. Kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, utazame freti ya 8: panatakiwa pawe na mwanya mdogo, unene wa karatasi mbili tatu. Ukipitisha kadi ya benki bila kugusa, shingo imejikunja mno. Inaweza kurekebishika, lakini sharti trasi-rodi iwe hai: omba kifuniko kifunguliwe, ingiza ufunguo wa pembe sita, uone kama tundu halijaviringika na kama unahisi ukinzani. Tundu lililoviringika ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Piga kila freti ya kila uzi, taratibu. Freti moja ikikwaruza na jirani zake ni safi, freti inayofuata imenyanyuka. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo, freti zisikukwangue. Zungusha nobu zote: mkwaruzo mdogo huisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ukimya wa ghafla ni nobu iliyokufa. Tikisa kebo kwenye jeki (tundu lake la kuchomekea). Mwisho livae kwa mkanda, uachie mikono. Kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, bega lako la kushoto litalipa deni hilo kila mazoezi.

Kwenye gitaa lililotumika tazama nyuma ya kichwa panapokutana na shingo, na pembeni mwa skrubu za shingo. Ufa mwembamba kwenye rangi mara nyingi si kitu. Ufa unaofunguka ukisukuma shingo ni mwisho wa mazungumzo.

Marekebisho, kwa mpangilio wake

Mpangilio una maana, kwa sababu kila hatua huvuruga zile zinazoifuata. Weka nyuzi mpya kwanza; unene wa 45 hadi 105 unafaa wengi. Acha sentimita 10 hadi 12 baada ya kifunguo, kunja uzi kabla ya kuukata, kisha uzungushe mara mbili au tatu ukishuka chini. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa juu hufumuka na uzi unakufa siku hiyohiyo.

Pili, shingo. Fundi wa pikipiki ana vile vibati vya kupimia tapeti. Azima cha milimita 0.30. Kwa ule ubonyezaji wa freti ya 1 na ya mwisho, kibati kipite kwenye freti ya 8 kikigusa uzi kidogo. Mwanya ukiwa mkubwa, kaza trasi-rodi kwa kufuata mshale wa saa, robo ya mzunguko tu, tuni tena, pima tena. Ukihitaji zaidi ya mzunguko mmoja, simama umpelekee fundi.

Tatu, kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 17, uzi wa E ukae milimita 2.4 juu ya freti na G milimita 2. Anayepiga kwa nguvu aongeze nusu milimita. Nne, oktavu: linganisha hamoniki ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi huo, kile unachokalia kwenye daraja, nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Mwisho pikapu: ukibonyeza freti ya mwisho, iwe milimita 2.8 chini ya E na 2 chini ya G. Zikikaribia zaidi, sumaku huvuta uzi na noti hutetereka.

Nini kibadilishwe

Nyuzi na marekebisho hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote. Nyuzi bapa zinakupa sauti nene ya dansi la zamani, nazo hudumu miaka. Za mviringo zina mlio wa chuma unaoisha ndani ya wiki chache. Zilizochoka huchemshwa kwa maji dakika kumi na kukaushwa kabisa, zikapata uhai mara moja au mbili hivi. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi hula nyuzi haraka: kitambaa kikavu kila unapomaliza.

Kinachofuata ni jeki na nobu. Ni vipande vya bei ndogo, na ndivyo vinavyoharibika mbele ya watu. Kwa pikapu za P na J tumia nobu za kilo-omu 250 na kapasita ya mikrofaradi 0.047. Pima tundu kabla ya kuagiza: nobu kubwa za Kimarekani zinahitaji tundu la milimita 9.5, na magitaa mengi ya bei ya chini yana la 7, kwa hiyo utalazimika kutoboa.

Pikapu mpya zina maana pale tu gitaa limeshakaa sawa. Za J hazina urefu mmoja: ya mbele mara nyingi ni milimita 92 na ya nyuma 95. Daraja zito la chuma linapendeza macho, ila tofauti ya sauti ni ndogo kuliko ya seti ya nyuzi. Liache hadi la zamani lishindwe kushika skrubu zake.

Ampu na umeme

Nyumbani, Fender Rumble 25 au 40 inatosha. Penye ngoma unahitaji wati 100 kwenda juu, na nje mara mbili yake. Kuchomeka besi kwenye sabufa ya sebuleni ni kosa la mara nyingi: ile tundu imetengenezwa kwa ajili ya simu, inameza sauti za juu za pikapu isiyo na betri, na unapopandisha ili ufidie, uzi mmoja unaopigwa kwa nguvu unaweza kuchana spika. Kanisani, pitisha besi kwenye DI (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa) yenye umeme wake kabla ya mikisa. DI isiyo na umeme inafaa zaidi besi yenye betri.

Muungurumo ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi wa gitaa uko sawa na dawa ni kufunika shimo la pikapu kwa utepe wa shaba. Ukizidi unapogusa, waya umekatika au umeunganishwa kinyume. Na midomo ikipigwa na shoti kwenye maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi, acha kupiga papo hapo. Soketi haina ardhi, au mtu amesukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Nyuzi za besi zimeunganishwa na bodi ya ampu, kwa hiyo ukizishika umeishika bodi yenyewe. Aitwe fundi umeme kabla ya wimbo unaofuata.