Plasta za sugu kutoka Kariakoo: nimezitumia, nasema

Mimi ni mlinzi wa getini, zamu ya saa kumi na mbili, kusimama kuliko kukaa. Buti nilizopewa kazini ni namba 41, mguu wangu ni 43. Stoo walisema 43 zimekwisha, nikachukua hizo hizo, maana kazi yenyewe nilikuwa nimeihangaikia miezi saba.

Mwezi wa nne kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kikaota sugu juu yake: ndogo kama punje ya choroko, ngumu, ina kiini katikati. Ukiibonyeza unaona nyota mchana. Chini ya unyayo nako kulikuwa na sugu nyingine, pana, ya njano, lakini hiyo haiumi, sikuwa na ugomvi nayo.

Kwanza nilimwita kijana mmoja wa wale wanaopita mitaani na kikapu cha rangi za kucha wakigonganisha vichupa. Kuosha miguu anajua: maji ya moto, brashi, jiwe, na habari za mtaa mzima bila malipo ya ziada. Nilipomwonyesha sugu akatoa wembe mfukoni. Ulikuwa umetoka mguu wa nani, sikuuliza, na hilo ni kosa langu. Akachonga mpaka damu. Nikachechemea siku mbili, na baada ya wiki mbili sugu ikarudi pale pale.

Ndipo nikaenda duka la dawa Kariakoo. Dada wa kaunta hakuwa na haraka ya pesa yangu. Akauliza, "Kaka, una sukari? Miguu inakufa ganzi?" Nikasema hapana. "Ungekuwa nayo nisingekuuzia, ningekwambia uende hospitali. Hii dawa inaunguza, na mwenye sukari anaweza asisikie mpaka kidonda kimeshachimbika." Akanivulisha kiatu, akaniambia niibane sugu kwa pembeni. Haikuuma sana. Akasema chunjua ndiyo huuma zaidi ikibanwa pembeni, sugu huuma ikikandamizwa kutoka juu.

Pakiti ilikuwa elfu tano, plasta sita. Kila moja ina kiduara laini cha kuinua kiatu kisiguse sugu, na katikati kuna dawa, asidi ya salisiliki asilimia 40, inayolainisha ngozi ngumu. Unaloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, unakausha vizuri, unabandika, unabadilisha baada ya siku mbili. Wiki mbili zikiisha, unaacha.

Sasa lawama. Gundi yake haijatengenezwa kwa mtu anayetoka jasho ndani ya buti Dar es Salaam. Plasta ya kwanza ilihama usiku, asubuhi nikaikuta imekumbatia kidole cha jirani, na ngozi isiyo na sugu imeungua, nyeupe, inawasha. Kuanzia hapo nilizungushia plasta ya kawaida juu yake, ikatulia. Maelezo ya pakiti hayana hata neno moja la Kiswahili. Bila yule dada ningeibandika kama plasta ya kidonda na kuiacha wiki nzima.

Lakini kazi imefanya. Plasta ya nne ilipotoka, ngozi ilikuwa imelegea kama ya vidole vya aliyefua siku nzima. Nikasugua taratibu kwa jiwe, kiini kikachomoka, kikabaki kishimo. Maumivu kwisha. Naipa nyota tatu kati ya tano. Ile sugu ya unyayo nimeipunguza kwa jiwe la kusugulia la buku moja, kisha mafuta ya mgando na soksi wakati wa kulala, na jiwe hilo nalipa nyota tano.

Plasta mbili zimebaki. Mama mkwe kaziomba, nimemnyima. Ana sukari, na amenuna mpaka leo.

Buti nilizipeleka kwa fundi viatu azitanue kwa kalibu. Upana uliongezeka kidogo, urefu haukusogea, na kidole kikaanza tena kuwa chekundu. Nikaenda mtumbani jioni, baada ya zamu, mguu ukiwa umevimba wa kutosha kusema ukweli, nikapata namba 43 nyeusi zenye pua pana. Msimamizi bado hajagundua kwamba si za kampuni.