Dalali wa "bure" na dalali wa asilimia tano

Jamani tumemaliza kuuza nyumba yetu ya Segerea, vyumba vitatu na uzio, hati ipo, na kwa vile kila mtu ananiuliza nani alituuzia acha nijibu wote hapahapa.

Wa kwanza nilimpata kijiweni wanapokaa na bodaboda. Akazunguka nyumba dakika tano akasema dada mi kwenu sitaki hata mia, we nitajie hela unayotaka kushika mkononi, zinazobaki niachie mwenyewe. Tukamtajia milioni 80, tukafurahi kweli, tumepata dalali wa bure! Miezi miwili watu wanakuja wanaangalia wanaondoka kimya, mpaka siku moja mama mmoja aliyekuja kuangalia akanivuta pembeni, mwanangu milioni 97 kwa nyumba hii si mmezidisha? Kumbe cha juu chake peke yake milioni 17, na kila anayemleta anamtoza elfu 20 ya kuonyeshwa, yaani hata isipouzwa yeye anakula, na sisi muda wote tunalaumu maji ya mtaa ndo yanafukuza wateja.

Wa pili alitaka asilimia tano na tuandikishane. Mume wangu akanuna. Ila huyu kabla hajaangalia hata chumba aliomba kuona hati, akauliza kodi ya pango la ardhi mmelipa (deni la miaka mitatu, aibu yetu), akauliza na baba mwenye nyumba yupo atie saini, maana nyumba ya familia huuzi bila mwenzio kuridhia, ni sheria ya ardhi hiyo sio mila. Bei tukawaambia wateja sisi wenyewe, yeye amekaa hapohapo. Mteja wa nne, mzee mmoja mpole, akaenda kufanya upekuzi ofisi ya ardhi ahakikishe hati haina mkopo wa benki wala zuio, tukafunga 78 mbele ya wakili, hela ikapita benki, na udalali wake milioni 3.9 tulimpa baada ya hela kuingia, sio kabla.

Mabaya yake yapo. Mambo ya kodi ya TRA hakuyagusa kabisa, mpaka wakili ndo anatuambia muuzaji anakatwa asilimia 10 ya faida, bahati marehemu baba mkwe alituzoesha kutunza risiti za saruji na mabati, la sivyo faida yetu tungeielezaje? Wateja naye analeta Jumapili saa saba mchana wali uko jikoni. Na picha zake, mungu wangu, sebule nzima kaipiga kanga zangu zinaning'inia kwenye kiti na ndoo ya deki katikati, akazirusha hivyohivyo kwenye magrupu yote ya WhatsApp, hadi wifi yangu Morogoro akanipigia kuuliza kama tumehama.

Nyota nne. Ya tano imekwenda na ile ndoo.