Kioo cha saa ya kifahari: tabaka la kuzuia mng'ao liwe ndani, nje, au lisiwepo?

Saa nyingi za bei kubwa zina kioo cha yakuti inayotengenezwa kiwandani, ile ambayo karatasi za saa huiandika "sapphire". Yakuti inasifika kwa ugumu: 9 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanza 1 hadi 10, wakati chembe za mchanga ni 7 na chuma cha kasha hakifiki hapo. Lakini ina aibu yake. Kila upande wa yakuti unaogusana na hewa hurudisha takriban asilimia 7.7 ya mwanga, na kwa kuwa kioo kina upande wa juu na wa chini, jumla inakaribia asilimia 14. Kioo cha kawaida cha madini hurudisha kama 8 tu. Ndiyo maana saa ya elfu ishirini inaweza kusomeka vizuri zaidi kwenye jua la saa saba mchana kuliko ya milioni ishirini ambayo kioo chake hakikupakwa kitu.

Dawa ya aibu hiyo ni tabaka jembamba mno linalopakwa kwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa. Hataza ya mbinu hii ni ya mwaka 1935, ya Alexander Smakula aliyekuwa akifanya kazi Zeiss kule Jena, Ujerumani. Tabaka moja la magnesiamu floridi lenye unene wa nanomita 100 hivi hufanya mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake ufutane. Kwa kuwa unene huo umepimwa kwa mwanga wa kijani, katikati ya rangi tunazoziona, buluu na nyekundu hazifutiki zote. Zinazobaki ndizo zinazokipa kioo kivuli cha buluu au zambarau ukikiinamisha. Siku hizi viwanda vingi hupanga matabaka kadhaa ili kivuli hicho kipungue.

Swali la mnunuzi, basi, ni tabaka liko upande gani. Huu ndio mpangilio wetu, kutoka bora hadi la kuepuka.

1. Yakuti yenye tabaka upande wa ndani tu

Hili ndilo chaguo la watu wengi. Mng'ao hushuka kutoka asilimia 14 hadi kama 8, yaani sawa na kioo cha madini, na tabaka lenyewe haliguswi na chochote: si mchanga, si ukingo wa mlango, si pindo la shati. Saa ikikaa miaka ishirini bila kufunguliwa ovyo, tabaka litakuwa kama lilivyotoka kiwandani. Seiko hufanya hivi kwenye saa nyingi za mkondo wake wa Prospex, na husema wazi kwenye maelezo kwamba tabaka liko ndani. Rolex kwa miaka mingi ilipaka chini ya lenzi ya tarehe tu na kuacha kioo kilichobaki kitupu, kisha ikaanza kupaka upande wa chini wa kioo kwenye matoleo ya karibuni.

Kwa mzamiaji hakuna ubishi kabisa. Maji hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia yakuti kuliko hewa, kwa hiyo saa ikizama, upande wa juu wa kioo hurudisha asilimia 2 tu hata kama haujapakwa. Upande wa chini, uliofungiwa na hewa ndani ya kasha, bado unarudisha 7.7. Kazi iko huko. Na kuna jambo ambalo hakuna tabaka linaloliponya: ukiitazama saa majini kwa kuinamisha zaidi ya nyuzi 48 hivi kutoka wima, kioo bapa hugeuka ghafla kuwa kama fedha na mishale hupotea kabisa. Mwanga unashindwa kutoka majini kuingia kwenye hewa iliyo chini ya kioo. Sinn ya Ujerumani ililitatua hilo kwenye saa yake ya UX kwa kujaza kasha mafuta badala ya hewa.

2. Yakuti yenye tabaka pande zote mbili

Kwa macho hakuna inayoifikia. Mng'ao hushuka hadi asilimia moja au mbili, na ukiiangalia vizuri unaweza kudhani saa haina kioo. Omega hufanya hivi kwenye Seamaster Diver 300M, Breitling na IWC kwenye saa zao za marubani, Sinn kwenye 556. Uso mweusi wa saa ndio unaofaidika zaidi, kwa sababu wenyewe hurudisha mwanga kidogo sana, hivyo mng'ao wa kioo huushinda kirahisi. Kwenye uso mweupe au wa fedha tofauti kati ya chaguo la kwanza na la pili ni ndogo kiasi kwamba wengi hawaioni.

Hasara yake ni kwamba umenunua kioo cha ugumu wa 9 ukakivika nguo laini zaidi. Magnesiamu floridi ni kama 6 kwa Mohs, na hata matabaka magumu zaidi ni membamba mno. Mchanga wa ufukweni ukibaki kwenye kidole au kitambaa utaacha mistari. Mistari hiyo huonekana kama kioo kimechubuka, wakati yakuti chini yake ni nzima. Halafu kuna alama za vidole. Mafuta ya ngozi, mafuta ya nazi au krimu ya kukinga jua huongeza tabaka lisilopimwa juu ya lile lililopimwa, na hesabu ya kufutana inavurugika papo hapo. Doa ambalo kwenye yakuti tupu usingeliona, hapa linang'aa kama tone la mafuta juu ya maji. Mtu wa ofisini anayependa uso mweusi, achukue. Mvuvi, fundi ujenzi au mtu wa pikipiki, arudi namba moja.

3. Yakuti tupu

Ina mng'ao mwingi, ila haina cha kuharibika. Kama uso wa saa ni mweupe na mishale ni minene na myeusi, utaisoma bila shida. Kioo chenye mbinuko ndicho kibaya zaidi hapa, kwa sababu kila unapogeuza mkono kinakamata taa ya upande fulani.

4. Akriliki

Ni plastiki. Hurudisha mwanga kidogo kuliko yakuti, hupata mikwaruzo upesi, lakini haipasuki vipande vipande, na mikwaruzo midogo huondoka kwa krimu ya kung'arishia plastiki. Omega huuza Speedmaster Moonwatch, saa inayokumbusha ile ya wanaanga waliofika mwezini, kwa namna mbili: ya akriliki, wanayoiita Hesalite, na ya yakuti iliyo ghali zaidi. Anayependa saa kwa historia yake ataelewa kwa nini ya bei ya chini bado ina wapenzi.

5. Tabaka upande wa nje tu

Usinunue. Unapata udhaifu wote wa namba mbili huku ukiacha ule upande wa ndani ambao ungelindwa bure. Hutokea zaidi kwenye vioo vya kubadilishia vya bei rahisi, vile vyenye kivuli kikali cha buluu kinachoonekana hata kwenye picha.

Kujua ulichoshika dukani

Maelezo yakitaja herufi AR, kifupi cha Kiingereza cha "kuzuia mng'ao", bila kutaja upande, chukulia ni ndani mpaka uthibitishe. Omba njiti ya meno au kona ya karatasi nyeupe, isimamishe karibu kabisa na kioo chini ya mwanga mkali, kisha tazama kwa kuinamisha. Utaona taswira mbili za ncha: moja inayokutana na ncha yenyewe, hiyo ni ya upande wa juu, nyingine iliyo ndani kidogo, hiyo ni ya chini. Taswira nyeupe na kali maana yake upande huo hauna tabaka. Taswira hafifu yenye buluu au zambarau, upande huo umepakwa. Taa ya dari haifai kwa jaribio hili: kwenye kioo bapa taswira zake mbili hulaliana na kuonekana moja.

Usitegemee tone la maji. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba tone husimama duara juu ya yakuti na kusambaa juu ya kioo cha madini. Kioo kilichopakwa nje hubadilisha tabia ya tone, hivyo jaribio hilo linaweza kukudanganya kwa pande zote mbili.

Kusafisha, na tabaka likichubuka

Suuza kwanza, futa baadaye. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, mradi saa inahimili maji na kifungo cha kurekebishia kimebanwa. Kisha tumia kitambaa safi cha miwani. Dawa ya meno ni kosa linalorudiwa sana: haina nguvu ya kung'arisha yakuti, ila inatosha kulila tabaka la nje kwa mabaka.

Likishachubuka vibaya, halipakwi upya kwa fundi wa mtaani, kwa sababu kazi hiyo inahitaji kile chumba kisicho na hewa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kioo kizima, na hapo dai mpira wa kuzuia maji ubadilishwe na saa ipimwe shinikizo kabla hujaichukua. Ya pili ni kuliondoa tabaka la nje lote kwa krimu ya almasi ya mikroni 1 na kipande cha sufi ngumu, kasha na pete inayozunguka kioo vikiwa vimezibwa kwa utepe. Ukiacha nusu, mabaka yataonekana zaidi ya mikwaruzo ya mwanzo. Uliza masharti ya dhamana kabla ya kugusa. Ikimalizika, tabaka la ndani bado lipo, na saa yako ya namba mbili imekuwa saa ya namba moja.